Kikombe cha Mtoto Kisiwe na Sukari

Binti yangu, ambaye sasa ana miaka 2, hunywa maji na maziwa yasiyotiwa sukari, nami sioni haja ya kumwongezea kingine. Maziwa ya ng'ombe tulisubiri hadi alipotimiza mwaka mmoja, na hata sasa hatumpi kupita kiasi, kwa sababu mtoto aliyeshiba maziwa hukataa chakula na mwishowe huweza kupungukiwa na madini ya chuma.

Kinachonisumbua zaidi ni juisi, maana watu wazima huiona kuwa sawa na tunda lenyewe, ilhali tunda likishakamuliwa na kuchujwa, nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye chujio na sukari ndiyo huingia kikombeni. Madaktari wa watoto nchini Marekani wanashauri mtoto asipewe juisi kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na kati ya mwaka 1 na 3 isizidi mililita 120 kwa siku. Mimi humpa kipande cha chungwa akimung'unye mwenyewe, hata akichafua nguo (na huchafua kweli). Soda haina nafasi. Usiku, akishapigwa mswaki, ni maji tu, kwani mtoto akilala na chupa ya kinywaji kitamu mdomoni, meno ya juu ya mbele ndiyo huanza kuoza.