Wanawali waliolinda moto wa Roma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni 1 Wakorintho 7:25–35, pale Paulo anapojibu swali la wanawali. Wengi tunapitapita hapo haraka, au tunalisoma kama ushauri wa kuoa na kutooa tu. Lakini Korintho aliyoiandikia Paulo ilikuwa koloni la Kirumi. Warumi wenyewe waliubomoa mji ule, kisha Julius Caesar akaagiza ujengwe upya mwaka 44 K.K. Watu wa namna hiyo walikuwa na picha yao ya ubikira mtakatifu, na picha hiyo ilitoka Roma, kwa mabikira wa Vesta.

Vesta alikuwa mungu mke wa moto wa nyumbani. Hekalu lake la mviringo lilikuwa katikati ya Roma, kwenye Forum, uwanja mkuu wa mji, na ndani yake kitu kikuu kilikuwa moto usiotakiwa kuzimika. Kuulinda walichaguliwa mabinti sita, wakiwa na umri wa kati ya miaka 6 na 10. Kuhani mkuu alimshika mtoto mkono na kumwondoa kwa baba yake. Mwandishi mmoja wa Kirumi anasema ilikuwa kama kumchukua mateka wa vita. Tangu hapo alitumika miaka 30: 10 ya kujifunza, 10 ya kuhudumu, 10 ya kuwafundisha wadogo. Baada ya hapo aliruhusiwa kuolewa, ila waliofanya hivyo walikuwa wachache.

Heshima walikuwa nayo tele. Waliweza kuandika wosia bila msimamizi mwanamume, jambo ambalo wanawake wengi wa Roma hawakuliota. Mtu aliyehukumiwa kufa, akikutana na mmoja wao njiani kwa bahati, aliachiliwa.

Moto ukizimika, aliyekuwa zamu alichapwa viboko. Akionekana ameupoteza ubikira wake, alizikwa akiwa hai. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, ameeleza jinsi ilivyofanyika. Karibu na lango la Collina, mojawapo ya malango ya Roma, kilichimbwa chumba kidogo chini ya ardhi. Humo waliweka kitanda kilichotandikwa, taa inayowaka, mkate kidogo, maji, maziwa na mafuta, ili isije ikasemwa kwamba mtu aliyewekwa wakfu ameuawa kwa njaa. Alibebwa akiwa amefunikwa, mji mzima kimya, akashushwa kwa ngazi, ngazi ikavutwa juu, udongo ukarudishwa. Nimeusoma ule mkate mara kadhaa na bado unanikera kuliko viboko. Ni dini iliyojua inaua, ikajitafutia namna ya kunawa mikono.

Tena tazameni ni lini hukumu hizi zilitokea. Mwaka 216 K.K. Hannibal, jemadari wa Karthago, aliwashinda Warumi vibaya mno kule Cannae, kusini mwa Italia, maelfu kwa maelfu wakafa siku moja. Mwaka huohuo mabikira wawili, Opimia na Floronia, walitiwa hatiani. Mmoja alizikwa hai, mwingine akajiua. Livy, mwanahistoria wa Kirumi anayetupa habari hiyo, anasema kosa lao lilihesabiwa miongoni mwa ishara mbaya za wakati ule. Majenerali wameshindwa vitani, na sababu inatafutwa kwenye mwili wa binti! Ubikira ule haukuwa wake. Ulikuwa ukuta wa mji, na ukuta ukionekana umepasuka, anayebomolewa ni yeye.

Miungu wenyewe hawakubanwa hivyo. Kwa Wagiriki, miungu wa kike Athena na Artemi walikuwa mabikira kwa maana ya kutokuwa chini ya mwanamume yeyote. Huyu na mkuki wake, yule na upinde wake. Hera, mke wa Zeu, ilisemwa kwamba kila mwaka alioga kwenye chemchemi ya Kanathos akawa bikira tena. Mungu mke alirudishiwa kwa kuoga. Binti wa Vesta hakuwa na chemchemi.

Sasa rudini kwa Paulo. "Kwa habari za wanawali sina amri ya Bwana." Kwa sikio la Kirumi hilo lilikuwa neno geni mno! Kwa mtume huyu hakuna moto utakaozimika, wala mji utakaoanguka kwa sababu ya msichana. Mwanamwali akiolewa, anasema, hana hatia. Asiyeolewa anajishughulisha na mambo ya Bwana, na neno hilohilo anaambiwa mwanamume asiyeoa. Kisha mstari wa 35: anasema hayo ili kuwafaidia, "si kwamba niwategee tanzi."

Wala Paulo hachezi na dhambi. Sura moja tu nyuma amesema, "Ikimbieni zinaa." Lakini sisi tumeushika mstari ule wa sura ya 6 tukaiacha tanzi ya sura ya 7 mikononi mwetu. Binti wa kwaya akipata mimba, anavuliwa sare, anahamishiwa benchi la nyuma, anasubiri siku ya kutubu mbele ya kanisa zima. Kijana aliyehusika Jumapili hiyohiyo anapiga kinanda. Hata Warumi hawakufika hapo: Lucius Cantilius, aliyekosa na Floronia, alipigwa hadharani mpaka akafa. Sisemi tumpige mtu. Nasema wapagani walikumbuka kwamba kosa lile lilikuwa la wawili.

Kwa ibada ya Jumatano, someni sura yote ya 7 nyumbani. Kila mmoja aje na taratibu moja ya kanisa letu inayowahusu mabinti, tuisome kwa sauti pamoja na mstari wa 35, tuone kama inasimama. Wazee wa kanisa tunawahitaji, akina mama pia. Na vijana wa kiume mje, msijifiche nyuma ya vyombo.