Theluthi mbili za mkopo wako si zako

Mwanachama wa kikoba, yaani kikundi cha watu wanaoweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana, akiambiwa alete wadhamini, mara nyingi hujibu, "Si hela yangu? Kwa nini niulizwe?" Hesabu humjibu vizuri kuliko mwenyekiti. Vikundi vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo mwenye hisa za shilingi 100,000 anaweza kuondoka na 300,000. Laki moja ni yake. Laki mbili ni za mama ntilie aliyekaa naye mkeka mmoja, za fundi cherehani, za yule dada anayenunua hisa moja moja kila wiki. Anunue mashine au amchangie mdogo wake harusi, hakuna wa kumzuia. Ila theluthi mbili za uhuru huo ameazimwa.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Ibara ya 29 inamtaka kila mtu aendeshe shughuli zake bila kuingilia haki za wengine. Kikoba ni ibara hizo mbili zikiwa zimekaa chini ya mwembe. Unaingia kwa hiari, lakini ukishaingia huna hiari ya kuacha kulipa.

Ndiyo maana nasema uhuru mkubwa wa mwanachama uko kabla ya sahihi, siku katiba ya kikundi inaposomwa. Kwa bahati mbaya husomwa mbiombio, watu wakasema "tumekubali", soda zikafunguliwa. Hapo ndipo pa kuuliza: nikihama mji katikati ya mzunguko, hisa zangu narudishiwa lini, na pamoja na faida au bila? Nikifariki, nani anapokea, na mkopo wangu unakatwa wapi? Jibu la "tutaelewana" si jibu. Kipengele kinachofaa huwa kifupi: anayejitoa analipa deni lote kwanza, anarudishiwa thamani aliyonunulia hisa bila faida, ndani ya siku 30.

Sasa wadhamini. Kwa mkopo wa 300,000, laki mbili zisizofunikwa na akiba ya mkopaji zinahitaji wadhamini wawili, kila mmoja akiwa na 100,000 ambazo hazijafungwa popote. Neno "hazijafungwa" ndilo linalosahaulika. Asha anamdhamini Neema, Neema anamdhamini Asha, na akiba ileile inahesabiwa mara mbili. Wote wakikwama, dhamana ilikuwa karatasi tu. Katibu awe na daftari lenye safu tatu: akiba ya mwanachama, kiasi alichodhamini, kinachobaki. Kikibaki sifuri, hadhamini tena hadi marejesho yaishe.

Na mdhamini awe na njia ya kukataa bila kugombana. Ukiombwa mbele ya watu 25, "Shemeji, huniamini?", utasaini hata kama moyo haukubali. Dawa yake ni kumpa mdhamini siku mbili za kumwambia katibu pembeni kwamba anajitoa, na katibu atangaze tu kuwa mkopo haujatimiza masharti. Sahihi iliyotolewa kwa aibu haina uwajibikaji ndani yake.

Tuone deni lisipolipwa. Chukua kikundi cha watu 25, hisa moja 2,000, kila mtu wastani wa hisa tatu kwa wiki, wiki 52. Hizo ni hisa 3,900, yaani shilingi 7,800,000. Tuseme riba na faini zimeleta 1,170,000. Siku ya kuvunja, yaani ya kugawana fedha mwisho wa mzunguko, kila hisa ina thamani ya 2,300. Mmoja akitoroka na 300,000 akiacha hisa zake 50, na wadhamini wasibanwe, hisa inashuka hadi kama 2,252. Mwenye hisa 156 anapoteza takriban 7,500. Ni kidogo, na udogo huo ndio hatari yenyewe: hakuna anayetaka kuonekana mbaya kwa 7,500. Watoro wakiwa watatu, kila mtu anapoteza kama 23,000. Wakifika sita, hisa iko chini ya 2,000. Umeweka mwaka mzima ili upate hasara. Ukimya ulianza kwa yule wa kwanza.

Faini nazo zina kipimo. Hisa ikiwa 2,000, faini ya kuchelewa iwe 500, kutohudhuria bila taarifa 1,000. Ikizidi bei ya hisa, aliyekosa wiki moja anaona heri asirudi kabisa, na kikundi kinapoteza mtu mwaminifu kwa kosa la daladala.

Upande wa pili usisahaulike, kwamba kikundi nacho kina mpaka. Kukopa harusi, kulipa matanga, sawa, lakini matanga hayo yasiwe ya kubeba godoro, makochi na runinga ya mdaiwa bila amri ya mahakama. Vyombo vya ndani mara nyingi si vya mtu mmoja, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi. Kata akiba yake kwanza, kisha za wadhamini, kisha mpelekeni Mahakama ya Mwanzo mkiwa na mkataba na daftari. Hapo usajili unasaidia: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaviweka vikundi hivi daraja la nne, na usajili wake hufanyika kwenye halmashauri.

Kalenda nayo inaumiza vikundi vingi. Kwa mzunguko wa wiki 52, mkopo wa mwisho utoke wiki ya 40 na marejesho yote yafungwe wiki ya 48, ili zibaki wiki nne za kufuatilia wanaochelewa. Anayekuja wiki ya 44 na mtoto mgonjwa asivunjiwe kanuni ya mkopo. Apewe kutoka mfuko wa jamii: 500 za kila mtu kila wiki ni 650,000 kwa mwaka, na pesa hiyo ilitengwa kwa siku kama hiyo.