Nilivyoiondolea skrini foleni ya kazi za nyuma ya pazia

Programu niliyokabidhiwa huonyesha nyaraka zilizoskaniwa kwenye kompyuta za Linux. Mtumiaji hufungua jalada na kuteremsha kurasa kwa gurudumu la kipanya, huku nyuma ya pazia programu ikisoma maandishi ya kila ukurasa na kuyatengenezea faharasa ya kutafutia. Lalamiko lilikuwa moja: faharasa ikianza kutengenezwa, kurasa zinaganda. Zinaruka, zinatulia, zinaruka tena. Kwa mtu anayesoma kutwa nzima hayo ni mateso ya macho, na ndiyo maana niliipa kazi hii nafasi ya kwanza.

Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa, ina takriban milisekunde 16.7. Skrini ya mara 120 ina milisekunde 8.3 tu. Fremu ikichelewa hata kidogo, skrini haiisubiri; hurudia picha ya zamani kwa mzunguko mwingine mzima, na kwenye skrini ya mara 60 jicho hukaa na picha moja kwa milisekunde 33. Kwa sababu hiyo wastani wa muda wa kuchora haukunifaa kitu, maana ulikuwa mzuri kabisa. Niliacha kuutazama, nikaanza kurekodi fremu zilizochelewa kuliko zote, pamoja na kile ambacho kila uzi wa programu, yaani kila mfululizo wa kazi unaoenda sambamba na mingine, ulikuwa ukifanya wakati huo.

Rekodi zilionyesha kwamba uzi mkuu, ule unaopokea mibofyo na kuchora, ulikuwa tayari kufanya kazi lakini haujapewa prosesa. Nyuzi za faharasa zilikuwa nyingi sawa na idadi ya viini vya prosesa, yaani sehemu zake zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, na zote zilikuwa na cheo (kipaumbele) kimoja na uzi mkuu. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi, ilitenda haki kama ilivyoundwa kutenda. Tangu toleo la 2.6.23 la mwaka 2007 mpanga zamu wake, anayeamua uzi upi upewe prosesa, amejengwa juu ya kugawa muda kwa usawa, na hata mrithi wake aliyeingia kwenye toleo la 6.6 mwaka 2023 hajaacha msingi huo. Yeye haoni skrini wala msomaji. Anaona nyuzi zinazotaka prosesa, basi.

Mifumo mingine huupendelea yenyewe, kwa kiasi fulani, uzi unaomhudumia mtumiaji. Windows huuongezea cheo kwa muda uzi ulioamshwa na tukio la dirisha. Android huupandisha uzi mkuu wa programu iliyo mbele ya mtumiaji na kuzibana zilizo nyuma. Apple, tangu mwaka 2014, humtaka mwandishi wa programu aseme kila kazi ni ya daraja gani, kuanzia ile anayoitazama mtumiaji hadi ile isiyosubiriwa na mtu. Mimi naukubali zaidi utaratibu huo wa mwisho, kwa kuwa mfumo endeshi hauwezi kukisia nia ya kazi. Anayeijua ni aliyeiandika.

Kwenye Linux njia ya kusema hivyo ni thamani ya cheo iitwayo nice, inayoanzia -20 hadi 19. Namba ikipanda, uzi unakuwa mpole zaidi kwa wenzake. Kila thamani ina uzito wake: 0 ni 1024, 10 ni 110, 19 ni 15 tu. Maana yake uzi wa 0 na uzi wa 10 wakigombania kiini kimoja, wa kwanza hupata karibu sehemu tisa kati ya kumi. Kwenye Linux thamani hiyo hukaa kwa kila uzi, si kwa programu nzima, kwa hiyo niliziweka nyuzi za faharasa kwenye 10 na kuuacha uzi mkuu kwenye 0. Mruko wa mara kwa mara ukaisha.

Ikabaki migando michache, lakini mirefu kuliko ya awali. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipokuwa.

Uzi mkuu ulihitaji kusoma orodha ya kurasa zilizokwisha kusomwa, ili uweke alama pembeni. Orodha ililindwa kwa kufuli, linaloruhusu uzi mmoja tu kuigusa kwa wakati mmoja, na uzi wa faharasa ulikuwa ukilishika kufuli hilo muda wote wa kuandika matokeo ya ukurasa. Sasa mshika kufuli ana cheo cha chini, anasukumwa kando na programu nyingine yoyote inayotaka prosesa, na uzi mkuu unangoja pamoja naye. Ni gari la wagonjwa lililokwama nyuma ya mkokoteni kwenye daraja jembamba: king'ora hakisaidii, kwa kuwa mkokoteni wenyewe haupishwi na wengine. Hali hiyohiyo ilikizimisha na kukiwasha upya chombo cha Mars Pathfinder kwenye sayari ya Mihiri mwaka 1997, wakati kazi ndogo ya vipimo vya hali ya hewa iliposhika kufuli lililohitajiwa na kazi yenye cheo kikubwa. Wahandisi waliiponya kwa kuwasha urithi wa kipaumbele: mshika kufuli huazimwa cheo cha anayemngoja.

Kwenye Linux urithi huo upo, ila ulilenga kazi za wakati halisi, zile zenye muda wa mwisho usiovukwa, na yangu haikuwa ya aina hiyo. Nikaliondoa ngojeo lenyewe. Uzi wa faharasa huandaa matokeo yote pembeni, bila kufuli, kisha hubadilisha kielekezi kimoja tu, yaani anwani ya kwenye kumbukumbu, ili kionyeshe orodha mpya. Uzi mkuu husoma orodha iliyopo wakati huo. Ikiwa imepitwa na ukurasa mmoja, fremu inayofuata itaiona mpya. Nilihakikisha pia kwamba uzi mkuu haugusi diski kamwe.

Faharasa sasa huchelewa kumalizika kompyuta ikiwa na shughuli nyingi, na hilo halinisumbui, isipokuwa mtumiaji anapotafuta neno ndani ya jalada ambalo halijasomwa. Hapo kazi ileile inasubiriwa na mtu. Nilitaka kuurudisha uzi wake kutoka 10 hadi 0, lakini mipangilio ya kawaida ya Linux haimruhusu mtumiaji asiye na mamlaka kupandisha alichoshusha. Kwa hiyo nimetenga uzi mmoja ambao haukushushwa kamwe. Hulala mpaka utafutaji uanze, husoma kurasa za jalada hilo pekee, kisha hulala tena.