Wa Kwetu Wangapi?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Orodha ya mawaziri ilipotoka wiki hii nilikuwa kitandani, taa imezimwa, simu mkononi. Niliipitia kwanza kwa majina ya ukoo. Mama watoto akaniuliza gizani, "Wa kwetu wangapi?" Nikamjibu bila kufikiri: "Wawili, na naibu mmoja." Nikalala na kinyongo. Na mimi ndiye niliyeongoza maombi ya kuliombea taifa Jumatano!

Asubuhi nikafungua 1 Wafalme 4, lilipoandikwa baraza la Sulemani. Makuhani wamo, waandishi wamo, Benaya wa jeshi yumo, hata Zabudi, "rafiki yake mfalme". Kisha maakida 12, kila mmoja akilisha nyumba ya mfalme mwezi mmoja katika mwaka. Wawili kati yao wameoa mabinti wa mfalme. (Wakwe kupewa vyeo hakukuanza jana.)

Aliyenishika ni Adoniramu, msimamizi wa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Adoramu, ambaye wengi humwona kuwa ndiye huyo huyo, anatajwa katika cheo hicho hicho tangu enzi ya Daudi, 2 Samweli 20. Kwa Sulemani yumo. Kwa Rehoboamu, mwana wa Sulemani, yumo. Wafalme wanabadilika, yeye na wizara yake wapo. Nani alimwombea mtu huyu? Nani alimnong'oneza kwamba mabega ya watu yamechubuka? Wazee walimshauri Rehoboamu aseme na watu kwa maneno mazuri, akakataa, kisha akamtuma huyu huyu kwa watu wenye hasira. Wakampiga kwa mawe hata akafa. Nadhani siku alipoteuliwa, kwao walishangilia.

Wapendwa, niseme wazi, maana nimeanza kwa kujisema mwenyewe. Tunafunga na kukesha ili mtu wetu ateuliwe. Akishaapa, tunampelekea vyeti vya watoto wetu awatafutie kazi, na maombi yanaishia hapo. Yethro alimtajia mkwewe Musa watu wa kuwaweka kuwa viongozi: watu walio uwezo, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu. Sifa nne. "Wa kwetu" sikuiona.

Nimeyanakili majina yote kwenye daftari, pamoja na wizara zao, niwaombee mmoja kila siku. Jana nilimfikia yule ambaye hata sauti yake redioni siipendi. Nikafunua ukurasa. Leo nimerudi kwake, nimelitaja jina lake mara mbili, na maneno bado hayaji.