Keki ya bethdei inayozama katikati, na mambo mengine ya kuokea huku juu

Keki ikipanda vizuri kisha ikazama katikati kabla haijaiva, lawama huenda kwa mayai, au kwa mtoto aliyefungua oveni kuchungulia. Kwa Arusha mimi ningeanza na resipe. Nyingi tunazozikuta mtandaoni zimepimwa na watu wanaooka karibu na usawa wa bahari, na mji huu uko mita 1,400 hivi juu yake. Moshi ni kama 800 hadi 900. Hewa ya huku ni nyepesi, haikandamizi rojo kama ya Dar es Salaam, hivyo gesi ya beking pauda hutanuka kabla unga na mayai havijashikana. Vitundu vinapasuka, keki inakaa chini. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo unyevu hutoka upesi na sukari inazidi nguvu.

Basi kwa keki ya tabaka mbili, trei mbili za sentimita 20, kwa Arusha: unga wa ngano gramu 220 na kornifulawa gramu 30, siagi gramu 200, sukari gramu 180, mayai manne ya kisasa, maziwa mililita 130, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, vanila kijiko kimoja cha chai. Kwa resipe ya pwani ungetia beking pauda vijiko viwili, sukari gramu 200 na maziwa mililita 100. Ukiwa Moshi kaa katikati ya hizo mbili. Oveni nyuzi 190 badala ya 180, ili keki ishike umbo kabla gesi haijaizidi nguvu.

Kornifulawa ninayosema ni ule unga mweupe laini wa kukolezea mchuzi, si wa ugali. Unga mwingi wa madukani umekusudiwa chapati na maandazi, na unavutika, kornifulawa inaulegeza. Mayai ya kienyeji ni madogo, weka matano. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe, yapoe, utando utolewe.

Sukari ndiyo hupuuzwa. Ile ya TPC, inayotengenezwa Arusha Chini kule chini ya Moshi, ina chembe kubwa kidogo. Ukiichapa na siagi dakika tatu bado inakwaruza vidoleni, na keki itatoka na madoa ya kahawia juu. Isage kwenye blenda sekunde kumi tu, kisha chapa na siagi mpaka iwe nyeupe na nyepesi: dakika tano hadi saba kwa mashine, na kwa mwiko andaa mkono.

Mwezi wa Julai siagi ya Arusha ni jiwe. Usiiyeyushe, maana siagi iliyoyeyuka haishiki hewa. Ikate vipande, iache karibu na jiko ilainike. Mayai yaweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, kwa sababu yai la baridi likikutana na siagi mchanganyiko unakatika na kufanana na maziwa yaliyoganda. Tia yai moja moja. Ukikatika, ongeza kijiko cha unga na uendelee. Unga ukishaingia, kwa zamu na maziwa, geuza kwa mwiko mpaka usiuone, basi. Kuzidisha hapo ndiko kunakoleta keki ngumu yenye mashimo marefu.

Oka dakika 25 hadi 28. Mlango usifunguliwe dakika 20 za mwanzo.

Kwa mkaa: sufuria kubwa, mchanga mkavu sentimita tatu chini, ipashe dakika 15, trei iingie, mfuniko, kisha mkaa mwingi juu na mchache chini. Wengi hufanya kinyume, na keki inaungua kitako huku uso ukiwa mbichi. Trei inaingia moja tu, kwa hiyo changanya rojo nusu nusu. Nusu inayosubiri mezani inapoteza gesi.

Keki ipoe kabisa kabla ya krimu, saa mbili hivi. Iliyo na joto huyeyusha krimu, tabaka la juu linateleza.

Krimu ya nyumbani: siagi gramu 250 na aisingi shuga gramu 450 iliyochekechwa. Majarini ya kopo ni nafuu na inavumilia joto kuliko siagi ya maziwa, jambo la maana kwa Moshi ya Februari. Tatizo lake ni unjano. Ukitia rangi ya bluu utapata kijani, na mtoto aliyeahidiwa keki ya bluu hatasahau. Badilisha nusu ya majarini na mafuta meupe ya mgando yasiyo na harufu, halafu tia zambarau kidogo sana kwa ncha ya kijiti, unjano utafifia. Rangi zichanganywe jana yake kwa sababu hukolea zikilala. Nyeusi ianzie kwenye krimu ya kakao. Ukianzia nyeupe utamaliza chupa nzima na krimu itakuwa chungu.

Sawazisha vichwa vya keki kwa kisu cha mkate. Paka krimu nyembamba pande zote ikamate makombo, weka mahali pa baridi nusu saa, kisha paka ya pili. Ukiruka hatua hii makombo yataonekana hadi kwenye picha. Katikati jamu inatosha, ila zungushia ukingo wa krimu kwanza isivuje. Nanasi bichi lina maji mengi, na ndizi itakuwa nyeusi kabla wageni hawajafika.

Jina liandike kwanza kwenye karatasi ya upana uleule wa keki. Majina marefu ndiyo huishia yamebanana ukingoni.

Kwenye gari keki ikae sakafuni, si mapajani. Na kwa kuwa mwenye bethdei lazima amwagiwe maji, meza ya keki iwe ndani, au kulishana kuishe kwanza ndoo zitoke baadaye. Krimu ya majarini ikipigwa na maji huteremka na rangi zote. Kama kuna ndafu pia, msiazime kile kisu chake kukatia keki bila kukiosha.