Ufunguo wa Bafu

Jana umeme ulikatika, jirani akawasha jenereta, na ule moshi wa petroli ukanirudisha Mabibo, Dar es Salaam, 2011, mwaka wa mgao. Nyumba mnaijua: vyumba vinane, bafu moja, bibi mwenye nyumba dirishani.

Ofisini tulikuwa na moduli yetu ya mfumo wa mafaili, kipande cha programu kinachochomekwa kwenye Linux, na seva ikawa inaganda ovyo. Michakato, yaani programu zinazoendeshwa, inakaa hali ya D, usingizi usiokatizwa; hata kill -9, amri ya kuua kwa nguvu, haiigusi. Kerneli, kiini cha Linux, inalalamika tu kwamba kazi fulani imesubiri zaidi ya sekunde 120. Wiki mbili sikulala vizuri.

Alfajiri moja natoka uani, taulo begani, ufunguo wa bafu mkononi. Mama Zai kasimama karoni, khanga kifuani, kashika ndoo ya kuogea. Ndoo ilikuwa hiyo hiyo; ya pili ilipasuka na kila mpangaji akajifanya hakuona.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Lete ufunguo.”

“Nasubiri ndoo.”

“Ndoo naiachia nikishaoga.”

“Na mimi ufunguo nauachia nikishaoga.”

Tukatazamana. Jogoo akawika, akachoka. Yeye hakushusha ndoo, mimi sikulegeza vidole. Watu wazima kabisa! Mwishowe bibi akafoka dirishani: “Nyie! Asiye na ufunguo asiguse ndoo! Ufunguo kwanza, ndoo baadaye, kila mtu!”

Nikaduwaa. Uzi mmoja wa programu yetu, yaani mkondo mmoja wa kazi, ulishika kufuli la faili la kwanza, linalozuia wengine wasiliguse, ukingoja la pili. Mwenzake kashika la pili, anangoja la kwanza. Kerneli yenyewe ikitaka kushika makufuli ya mafaili mawili hulinganisha anwani zake kwenye kumbukumbu, ikafuata mpangilio huo siku zote. Sisi tuliyashika kadiri ombi lilivyokuja: kwanza la faili data inakotoka, kisha la inakokwenda.

Sikuoga. Daladala hadi Posta, nikabadilisha mistari sita, nikawasha lile jaribio ambalo nusu saa haliishi bila kuganda. Saa ya kwanza, shwari. Ya pili, shwari. Ya tatu likaganda.

Safari hii hakukuwa na wawili wanaongojeana. Diski ilijaa, uzi mmoja ukakutana na kosa, ukarudi zake bila kuachia kufuli. Wengine wote foleni nyuma yake.

Nikapapasa mfukoni kutafuta kalamu, nikatoa ufunguo wa bafu. Kwenye simu, bibi alikuwa amenipigia mara kumi na moja.