Lister ya kusagia posho: kompresheni imerudi

Kwa mlioniuliza mradi umefikia wapi: ile Lister, injini kuukuu ya dizeli ninayoifufua, bado imekaa chini ya mwembe hapa Bweyale, Uganda, ila sasa inabana hewa. Ukizungusha hendeli na kuiachia valvu ya moshi ifunge, gurudumu linapanda, linagoma, kisha linarudi nyuma kwa hasira. Nilipoinunua kwa bei ya chuma chakavu ilikuwa inazunguka tu, laini, hewa yote ikipotelea kwenye ekzosi.

Kazi kubwa ilikuwa valvu. Ya moshi ilikuwa imeliwa na kutu, tukaisaga kwenye kiti chake mpaka ikaacha duara la kijivu lisilokatika. Ringi za pistoni zilikuwa zimegandishwa na masizi. Tulizilaza kwenye mafuta ya taa, nyingine zikatoka nzima, nyingine zikavunjika mkononi. Za kubadilisha nilizipata soko la Kisekka, Kampala, zimetoka India. Hapo ndipo uzuri wa mashine hii: ilibuniwa Dursley, Uingereza, nguvu farasi 6 kwa mizunguko 650 tu kwa dakika, na mafundi wa Rajkot wameinakili kwa miaka mingi, kwa hiyo kipuri hakikosekani.

Kijana anayenisaidia amekulia kwenye bodaboda. Aliizunguka mashine, akainama, akauliza, "Mjomba, plagi iko wapi?" Hakuna, hii haiwashi kwa cheche. Nikamshikisha pampu ya baiskeli, nikaziba tundu kwa kidole na kumwambia apige kwa nguvu. Chini ya pampu pakapata moto. Kwenye silinda ni hivyo hivyo, ila kwa ukali zaidi: injini za aina hii huibana hewa mpaka ibaki sehemu moja tu kati ya 14 hadi 22 za ujazo wake, na joto linapita nyuzi 500. Mafuta yakirushwa mle ndani yanawaka yenyewe. Ndiyo maana nilishughulika na valvu na ringi kabla ya kitu kingine chochote. Hewa ikivuja, hakuna joto. Bila joto, hata umimine mafuta ya bei gani, utapata moshi mweupe na mkono wenye maumivu.

Wazo hilo lina mwenyewe, na jina lake tunalitaja kila siku kwenye kituo cha mafuta bila kumfikiria. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake Wajerumani wa Bavaria. Alisomea Munich kwa Carl von Linde, yule wa mashine za barafu, na alichukizwa na injini za mvuke zilizokuwa zikipoteza karibu joto lote la makaa. Hataza yake, namba 67207, aliipata Februari 1893. Agosti mwaka huo huo mafuta yalilipuka ndani ya injini ya majaribio pale Augsburg na kukirusha kipimo chake. Ilichukua mpaka 1897 ndipo profesa Moritz Schröter alipoipima rasmi, ikageuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, wakati injini nyingi za mvuke hazikufika hata nusu ya hapo. Septemba 1913 Diesel alipanda meli Antwerp kwenda Uingereza, na asubuhi hakuonekana chumbani mwake. Watu bado wanabishana kama alijirusha au alirushwa. Mimi simo.

Kwa hiyo dizeli ni injini kwanza. Mafuta yalirithi jina baadaye, kwa sababu ndiyo yaliyonywewa na injini hiyo. Ukitazama karatasi za matangi ya mafuta yanayoingia kupitia mpaka wa Malaba, hutaona neno dizeli. Utaona AGO (automotive gas oil), na hiyo G ni ya gesi, maana mafuta ya kundi hili yaliwahi kutumika kuongeza nguvu gesi ya taa za mijini huko Ulaya. Jirani zangu Wakongo wao husema mazutu, neno lililopita kwa Wafaransa kutoka kwa Warusi. Mafuta yale yale.

Jambo hili lina maana kwa mradi wangu. Kama jina ni la injini, injini haijafunga ndoa na kituo cha mafuta. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga bila kubadilishwa kitu. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika na karanga zake. Sisi huku, alizeti za eneo la Lango haziko mbali nasi, na Lister ya mizunguko 650 haina haraka ya kumeza kitu kizito.

Nozeli, ile inayorusha mafuta ndani, tumeipima nje ya silinda: inalia "krii" na kutoa ukungu, si mkojo. Tahadhari kwa mnaojaribu nyumbani, usiweke kiganja mbele yake, mafuta yale yanapenya ngozi.

Hatua inayofuata ni pipa la maji ya kupozea, ambalo maji yake lazima yafike juu kuliko silinda ili yajizungushe yenyewe bila pampu. Baada ya hapo tutaiwasha kwa dizeli ya kawaida. Mafuta ya alizeti yatakuja mwisho, yakiwa yamechujwa na kupashwa kwa bomba litakalozungushwa kwenye ekzosi: unawasha kwa dizeli, injini ikishika joto unahamia alizeti, na kabla ya kuzima unarudi dizeli, la sivyo kesho yake nozeli imeganda. Bomba la shaba ninalo. Ninachotafuta ni swichi ya mafuta ya njia mbili isiyovuja; mwenye kujua nani anauza ya kweli Gulu au Masindi aniambie.